Posa Iliyoganda kwenye Kioo

Enzi zetu Somanga, posa ilikuja na vumbi. Wenzangu mnakumbuka: tuko uwanjani na kombolela letu, magoti meupe kwa mchanga, mara wanatokea wazee wawili, kanzu zimepigwa pasi, viatu wamevishika mkononi visichafuke. Basi, mchezo umekufa. Mama anatandika mkeka mpya, sisi tunafukuzwa, na tukifukuzwa tunazunguka nyuma ya jiko kuchungulia kwenye makuti, pua zimejaa moshi wa korosho.

Wanaongea mvua. Wanaongea mikorosho. Wanaulizia mbuzi. Posa yenyewe inatoka wali ukishaliwa, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi. Baba hajibu. Anasema tu, "Tumewasikia. Rudini." Na kila mtu alijua kuwa asiyetakiwa haambiwi arudi tena. Mama akimuuliza kwa nini anawasumbua watu wazima, husema, "Anayemtaka mwanangu aje nimwone anavyokula." Dada yangu Halima, aliyekuwa anaposwa, alikaa mwezi mzima akifagia upande ule ule wa uwanja, ule unaotazama barabara.

Sasa tazameni vijana wetu. Shafii, mtoto wa Halima huyo huyo, kampenda Zuhura, binti wa Kipatimu huko vilimani. Wamejuana kwenye simu, wamegombana kwenye simu, wamepatanishwa na vikopa vyekundu. Akanijia niwe mshenga. Nikaifikiria ile barabara na mashimo yake, maana mimi ni mtu wa nyumbani, hata sokoni hunitoi bila kunisukuma. Akasema, "Mjomba, usihangaike. Tunampigia mzee video." Nikampenda ghafla. Na simu siidharau yote, mjukuu wangu aliye Lindi nimemwona akiota meno humo humo.

Basi nikaposa nikiwa kibarazani kwangu: juu kanzu na kofia, chini nimevuta kanzu magotini nipigwe upepo, maana kioo hakifiki huko. Baba yake Zuhura, Mzee Matimbwa, akatokea: nusu paji la uso, nusu dari. Nikasalimia, nikaingia kwenye posa moja kwa moja, kwa kuwa Shafii ananipungia mkono kwamba bando linaisha. Mzee akafungua mdomo, mtandao ukaganda. Akabaki hivyo hivyo, meno yote nje.

"Anacheka," Shafii akasema. "Kakubali."

Kabla sijavua kofia, grupu la ukoo limejaa hongera na picha za keki. Watu ambao hawajawahi kuja kunijulia hali wakaniita mshenga wa kimataifa.

Jioni Zuhura akapiga analia. Baba yake hakuwa anacheka. Alikuwa anauliza, "Hao watu wako hawana miguu?" Na sasa jirani kamwonyesha zile hongera, zimesambaa mpaka kwao, naye mzee kasema hana binti wa kuozesha kwenye grupu, mambo yameishia hapo. Shafii akanitazama kwa macho yale yale ya Halima, hana tena la kubonyeza.

Hicho ndicho kilichonipandisha bodaboda. Mgongo wangu nisiwachoshe nao. Nilifika Kipatimu na vumbi mpaka kwenye kope. Mama mwenye nyumba akatandika mkeka. Tukaongea mvua. Tukaongea mihogo. Nikaulizia mbuzi. Chakula kikaja, nikala huku Mzee Matimbwa akinitazama kila tonge, na sijawahi kula kwa adabu namna ile. Kisha nikasema kilichonileta, kwa sauti ya kuomba chumvi.

Akanawa mikono taratibu.

"Tumewasikia," akasema. "Rudini."

Nusura nimkumbatie. Simu yangu ilikuwa haishiki mtandao, nikaiacha mfukoni ipumzike.

Niliporudi Somanga nilimkuta Shafii kasimama kando ya barabara, anatazama nilikotoka. Simu hakuwa nayo mkononi. Mama yake alisubiri mwezi. Huyu kasubiri mchana mmoja na suruali tayari inampwaya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kwanza nipe maji."

Nikanywa taratibu, kama wale wazee wawili. Zamani jibu lilikuja na mtu. Unampa maji, unamtazama usoni, unajua kabla hajasema. Shafii akanitazama nikinywa, muda mrefu, uso wangu haugandi. Halafu akaanza kutabasamu.