Mpangaji Aliyenitangulia

Wanaotaka kucheka na wacheke. Mimi sikusimuliwa, na siku hiyo sikuwa na homa wala sikuwa nimeonja pombe. Yalinikuta mwenyewe, Dodoma, miaka ile maduka yameanza kujaa bidhaa na serikali inapunguza wafanyakazi.

Nami nilipunguzwa. Nilikuwa mpiga chapa Dar es Salaam. Nikanunua taipureta kuukuu, nikawa nazunguka nayo mji hadi mji nikichapa barua za watu. Dodoma nilifuata unafuu. Unafuu gani! Maji unanunua kwa dumu, mkaa bei juu, na kila mwenye chumba anataka kodi ya mwaka mzima. Ndipo mama mmoja mwenyeji wa pale mjini akanipa chumba kwa nusu ya bei ya majirani zake. Nikalipa miezi sita, kiinua mgongo changu chote kikaishia hapo. Wewe usingelipa?

Siku ya tatu, magharibi imeingia, nachapa kwa taa ya chemli. Mlango nimeukomea. Nainua macho, kuna dada amesimama kando ya kitanda, gauni la bluu, nywele kasuka vizuri. Upepo ulikuwa umejaza vumbi sakafuni. Nyayo zangu zilionekana. Zake hazikuwepo.

"Umekaa chumbani kwangu," akasema.

Nywele zilinisimama. Nikaelewa kwa nini chumba kilikuwa rahisi. Nilitaka kukimbia, lakini nikimbilie wapi, na kodi nimeshalipa? Hasira ikashinda woga.

"Dada yangu, mimi nimelipa miezi sita. Wewe ulilipa mpaka lini?"

Akafikiri. "Mpaka Juni."

"Leo tuko Oktoba."

Akainamisha kichwa, kaona haya. "Nilifariki ghafla. Hakuna aliyenihamisha. Sanduku langu liko uvunguni, peke yangu silimudu."

Uvungu ule nilikuwa nimeufagia asubuhi, hamkuwa na kitu. Lakini aliinama, nami nikainama upande wa pili, nikapapasa hewa, na mikono ikashika chuma baridi! Zito, mshikio unakata viganja, na macho hayaoni chochote. Tukalitoa, tukavuka ua. Mwenye nyumba alikuwa jikoni, akiniangalia nilivyopinda mgongo na mikono mitupu. Akaelewa, akajivuta nyuma ya mlango wa jiko.

Tulipofika barabarani dada akasema, "Asante, hapa panatosha." Uzito ukanitoka ghafla hata nikaanguka chali. Kuinuka, niko peke yangu.

Nililala fofofo mpaka asubuhi. Mwezi haujaisha, mwenye nyumba huyo mlangoni, tabasamu tele: chumba sasa kimetulia, kwa hiyo anapandisha kodi.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Nikamwite arudi?"

"Marahaba mwanangu, basi, basi, yaishe!"

Nilikaa pale miaka tisa kwa kodi ileile. Nikasomesha watoto wawili kwa taipureta, nikajenga nyumba yangu mwenyewe mtaa wa Area D, hukohuko Dodoma, na siku ya kuhamia nilipiga vigelegele peke yangu kabla majirani hawajafika.

Viganja vyangu vina mistari miwili myeupe mpaka leo. Hapo hata kaa la moto silisikii. Kwa hiyo wewe unayehamia mji mgeni, ukionyeshwa chumba cha bei ya chini usiulize maji na choo tu. Uliza aliyekuwamo aliondokaje. Na ukimkuta bado yumo, usimpigie kelele wala usimwachie pesa yako. Msaidie kuhama.