Pasi na Mwinuko wa Chumba cha Upasuaji

Kumekucha, na magurudumu ya machela yanalalamika kwenye korido ndefu ya hospitali. Juu yake amelala mzee aliyevunjika nyonga. Chupa ya dripu inayoning'inia kichwani pake haipepesuki.

"Tunafika, Baba. Umebaki ule mlima wa chumba cha upasuaji tu," anasema mwanamke anayesukuma.

Wenzake humwita Pasi, kwa sababu nyayo zake hulala chini zote kama pasi ya nguo, hazina kiuno. Wala hanuni. "Pasi haisahauliki kabatini," huwajibu. "Kila siku inatafutwa."

Wagonjwa waliovunjika mifupa humtaka yeye. Wasukumaji wengine hudunda, na machela ikadunda nao. Pasi anateleza kama mafuta kwenye kikaango.

Ila mwaka huu mwinuko wa kwenda chumba cha upasuaji ulimshinda. Kifundo kilivimba upande wa ndani, goti likadai haki yake, na mara mbili alikwama katikati akiwa na mgonjwa. Matroni hakuficha: asipoweza kupanda bila kusimama, atahamia chumba cha kufulia, akakunje mashuka. Siku ya kutazamwa ni leo.

"Nilimwelewa, mgonjwa si gunia," anasema Pasi. "Lakini shuka halikushiki mkono likakuombea."

Alikwenda kwa mtaalamu wa viungo, akaambiwa alowanishe miguu na kutembea kwenye sakafu kavu. Alama zikatoka nzima nzima. Mtaalamu akapiga za kwake kando: kisigino, vidole, na ukanda mwembamba katikati.

Akamweleza kwamba upinde wa unyayo hulegea mguu unapotua, kisha hukaza kama springi na kuusukuma mwili mbele. Wa Pasi unabaki umelala. Kifundo kinaangukia ndani, mfupa wa mguu unazunguka kukifuata, goti nalo halibaki nyuma, hadi nyonga. Shavu la mguu na kano moja nyuma ya kifundo ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Miaka yote hiyo! Pasi aliutazama mguu wake kama mtu aliyegundua kwamba jirani mkimya ndiye aliyekuwa akimlisha.

"Wengi wana miguu kama yako na hawaumwi kitu," mtaalamu alimwambia. "Hebu nione viatu."

Raba zilikuwa zimelika ukingo wa ndani. Kila zilipoinamia huko, Pasi alihisi pengo upande wa nje, akalijaza kitambaa. Kumbe anajisukumia kulekule anakoangukia.

"Nilikuwa nakaza komeo, na mwizi yuko ndani," anasema, akicheka.

Kitambaa kikatolewa, likawekwa egemeo upande wa ndani. Tangu hapo, kila asubuhi hushika sinki na kunyanyuka kwa vidole, huku bintiye akimcheka.

Sasa mwinuko huu hapa. Matroni amesimama juu, mikono kifuani. Pasi anavuta pumzi, anapanda. Mzee amefumba macho. Magurudumu yanazunguka, kifundo kinatetemeka, kinashika.

Mlangoni, mzee anafumbua macho. "Mwanangu, huo mlima mnaousema tunaanza kuupanda lini?"

Matroni anawafungulia mlango mwenyewe. "Kesho uwahi," anamwambia Pasi. "Kuna wengine wanakungoja."

Bintiye amerithi nyayo hizohizo, na huzificha wenzake wanapocheza pekupeku. Pasi amepanga amlete kwa mtaalamu likizo hii, aloweshe miguu, apige alama zake kando ya za mama yake.

"Nataka azione," anasema. "Nimwambie, mwanangu, wenzio wanaigusa ardhi nusu. Sisi tunaikumbatia."