Sikio la Baba

Juzi nilimwona mkwe wangu, katoka kazini, ameinama ili bintiye amnong'oneze sikioni. Nikahisi harufu ya dizeli.

Baba aliendesha trekta kwenye mashamba ya karanga, Nachingwea. Kila aliporudi nikamsemesha, alijibu, "Trekta limeniziba masikio, mwanangu. Sogea." Nami nilimpanda magotini na kummiminia yote. Alasiri moja nilimmiminia hata hofu yangu: "Baba, lile trekta halitakumeza?"

"Litanitapika. Mifupa yangu migumu."

Kule jikoni, mama akasema taratibu huku akisonga ugali, "Kisamvu kimeiva."

"Naja!" baba akaitika papo hapo.

Nikaamini sauti ya mama inalishinda trekta. Kumbe baba alisikia vizuri sana. Alitaka nisogee.