Dobi Aliyekunja Uso

Dobi huyu hakupewa pua, alipewa adhabu. Shati likifika dukani kwake, kabla hajalikunjua alishajua mwenye shati anavuta sigara, analala na paka, au anarudia soksi. Majirani walimwita Mapua, naye wala hakununa. Alipiga pasi kutwa amefunga kitambaa usoni, akifika kwake anakivua mlangoni, maana humo ndani kulinukia chakula cha mkewe. Mkewe alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, na mkono wake ulisifiwa hata na watu wasiojua kusifu.

Ndipo binti yao akaleta ile mashine. Ilikuwa kama ndoo yenye kifuniko, inakaa juu ya meza ya jikoni karibu na jiko. Unatia maganda, mifupa na makombo, unabonyeza kitufe, inayapasha moto na kuyasaga, kesho unatoa unga mkavu wa kumwagia maua. Binti aliagiza isijazwe hadi mdomoni, na wakisikia harufu wajue chujio la mkaa kule nyuma limechoka, walibadilishe. Mama mtu akaitikia, binti akaenda zake.

Mwanzoni haikuwa na neno. Halafu ikaanza kunuka, na si kunuka kwa taka za kawaida, ambazo angalau zinaozea nje kwa adabu zao. Huu ulikuwa uozo uliopashwa moto. Vichwa vya samaki, vitunguu vilivyolegea na wali uliochacha, vyote vinatokota pamoja na kupumulia shombo lake pale pale ulipoweka sahani. Ikianza kusaga, inacheua kama mtu aliyevimbiwa. Loo, kinyaa gani hicho!

Dobi akamwambia mkewe mashine inanuka. Mkewe akasema haina kitu, asitafute visa na zawadi ya mtoto. Akarudia, akajibiwa kwamba pua yake imezidi. Ukipenda chongo huita kengeza, dobi akajisemea, lakini huyu sasa ameita uvundo manukato.

Basi akawa anakula hivyo hivyo, uso umekunjamana kama shati lililolaliwa. Kijiko cha kwanza anafumba macho, cha pili anageukia dirisha. Mkewe anamtazama tu. Mwishowe dobi akahamia kwenye mkate mkavu wa dukani, na akirudi nyumbani anadai ameshiba.

Nyumba ikapoa. Mwanamke anayelisha kiwanda kizima, mumewe mwenyewe hagusi sufuria yake! Jumapili moja, bila kumtazama, mkewe akamwambia ameamua kuacha kazi ya kantini; kesho atamwambia msimamizi. Dobi akapigwa na butwaa, kwa sababu kazi ile ndiyo iliyokuwa fahari ya mkewe. Akauliza kisa, mkewe akaingia chumbani. Hasira zikampanda, na kwa kuwa hakujua wa kumgombeza, akaiendea mashine.

Akaigeuza, akafungua kijumba cha chujio kule nyuma. Mkaa ulikuwa umelowa maji meusi yanayovutika nyuzi, na ndani yake funza weupe, wanene, wanapandana. Mmoja akamwangukia kidoleni. Akakibamiza kijumba, akamwita mkewe aje anuse mwenyewe, asiambiwe tena pua imezidi.

Mkewe akaja, akainama mpaka pua ikagusa matundu ya kijumba, akavuta pumzi ndefu, taratibu, kama anayenusa nguo ya mtoto mchanga. Hakushtuka. Aliinua macho akautafuta uso wa mumewe, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Inanuka sana?"

Dobi akasahau kichefuchefu. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kikaja hapo hapo. Tangu yale mafua makali ya mwaka uliopita, mama huyu hakunusa tena kitu. Hakumwambia mtu, kwa kuwa mpishi asiyenusa, nani atamwachia sufuria? Alipika kwa mazoea, na akitaka kujua kama mkono wake bado upo, alimpikia mumewe, akamtazama anavyokula.

"Nilikuwa napikia uso wako," alisema. "Ukawa unaukunja kila siku. Nikajua nimekwisha."

Dobi akafunga kitambaa chake, akaibeba mashine hadi kwenye bomba la nje, akaiosha kwa mikono yake. Alitapika, akarudi kusugua, akatapika tena. Akamlaani aliyeitengeneza, na aliyeinunua pia, mpaka alipokumbuka ni mwanawe.

Aliporudi ndani, maharage yalikuwa yamepakuliwa. Akavua kitambaa, akaketi. Mkewe akakaa mbele yake, mikono mapajani, amemkazia macho. Dobi akala kijiko kimoja. Kutabasamu kungekuwa rahisi.

"Yameungua kidogo chini," akasema. "Lakini matamu."

Mkewe akashusha pumzi, akacheka, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akamsukumia sahani karibu zaidi.

Msimamizi hakuambiwa neno. Jumatatu, kabla kantini haijafunguliwa, mama alipita dukani na bakuli la mchuzi lenye kifuniko, akalitua juu ya meza ya pasi, akasimama akisubiri. Dobi akaweka pasi kando, akavua kitambaa usoni.