Bukama, Huku Kamina

Nilipokuwa mtoto nilidhani Bukama ni mtu. Siku mwalimu aliponionyesha kwenye ramani kwamba Bukama ni mji, pale reli inapokutana na mto Lualaba, nilicheka mpaka nikatolewa nje ya darasa. Nyumbani kwetu Bukama alikuwa na mke, alikuwa na mgongo uliomsumbua miezi ya baridi, na hakupenda mboga ya sombe yenye chumvi nyingi. Papa alirudi kutoka kazini, akavua koti, akasema, "Bukama anabasalimia bote," na Mama akajibu kutoka jikoni kwamba salamu zimefika.

Papa alifanya kazi ya reli hapa Kamina, katika ofisi ya kudhibiti treni. Siku nzima aliketi mbele ya simu iliyounganishwa na vituo vya njiani, akiuliza na kuandika: treni imetoka saa ngapi, imefika saa ngapi, njia iko wazi au imefungwa. Aliyepokea ujumbe aliurudia neno kwa neno kabla ya kuuandika, kwa sababu neno moja likikosewa watu wangeweza kufa. Katika simu ile hawakuitana kwa majina. Kila mtu aliitwa kwa kituo chake. "Bukama, huku Kamina," Papa alisema, na mwenzake akajibu, "Kamina, Bukama anasikia." Bukama huyo alikuwa mfanyakazi mmoja wa kituo cha huko, na wawili hao walisemezana hivyo miaka yote ya kazi mpaka wakastaafu. Baada ya hapo waliendelea kwa simu ndogo za vitufe, kila Jumamosi saa kumi ya mchana, bila kukosa.

Hawakuwahi kuonana.

Najua haiaminiki, lakini ndivyo ilivyokuwa. Papa alipita Bukama kwa treni mara mbili. Mara ya kwanza mwenzake alikuwa likizoni kwao Malemba-Nkulu, mara ya pili alikuwa ametoka zamu. Bukama naye alikuja Kamina mara moja kwa matibabu, wiki ileile ambayo Papa alitumwa kazi mbali. Mama alikuwa na maelezo yake mwenyewe. "Hawa babili banaogopana," alisema. "Kila mumoja anajua mwenzake iko muzuri kumupita." Papa alijifanya hasikii.

Sasa wote ni wazee sana. Miguu ya Bukama haimbebi tena, na treni siku hizi huja zinapotaka zenyewe. Jumamosi moja mwaka huu nilikuwa kwa wazazi wangu nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nikamsikia Papa akirudia ujumbe kama zamani, polepole, akiwa ameshikilia ile simu ya vitufe: "Narudilia. Bukama anasema hapendi kufa bila kuona sura ya Kamina." Kisha akasema, "Imesikiwa," akakata.

Siku ya tatu yake alikuja shuleni kwangu kwa miguu, amevaa kofia, akaningojea nje hadi kengele ya mapumziko. Akaniuliza, "Ile telefone ya kuonana sura, inapatikana wapi?" Papa hajawahi kuniomba kitu. Hata alipougua hakuomba maji, alikuwa akiyatazama tu mpaka mtu aelewe. Mimi ni mtu wa maneno mengi, waulize wanafunzi wangu, lakini siku ile nilisema moja tu. Nilimwambia nitaitafuta, na niliitafuta.

Upande wa Bukama mambo yalipangwa upesi. Mjukuu wake wa kike, mtu mzima anayefanya kazi Lubumbashi, alikuwa amekuja kumtembelea na simu janja yake. Angeondoka Jumapili alfajiri kwa lori. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi saa kumi au basi tena, maana hakuna aliyejua mjukuu angerudi lini, na wazee wa umri ule hawaahirishi mambo.

Nilimpelekea Papa simu Ijumaa jioni. Nilitaka kuiwasha palepale nimwekee kila kitu, lakini aliweka kiganja juu ya kisanduku.

"Hapana kuamusha. Betri haiyashiba."

Nikamwambia betri za siku hizi si kama zile za taa za reli. Zinatoka kiwandani zikiwa na chakula tumboni. Unaiwasha, unaitumia, unaichaji utakapo.

"Weye unajua nini?" akasema bila ukali. "Mara ya kwanza inakula mpaka inashiba. Ukiiamusha na njaa, itabakia na njaa maisha yake yote. Minyi nilichunga betri mbele weye hauyazaliwa."

Umeme wa mji ulikuwa umepotea tangu wiki iliyotangulia na hakuna aliyekuwa akiusubiri. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Papa alikwenda kwa mama wa chaji. Huyu ni jirani wa mtaa wa pili ambaye ameweka vioo vya jua juu ya bati la nyumba yake, na barazani ana ubao mrefu wenye matundu ya umeme. Watu humwachia simu zao, yeye hubandika kipande cha karatasi chenye namba, nao hurudi baadaye. Papa alikataa namba. Alikuja na kiti chake cha kukunja, akakiweka mbele ya ubao, akaketi.

Nilipomletea bukari, ugali wetu, na samaki saa sita nilimkuta hajasogea. Juu ya goti alikuwa na daftari. Alikuwa amelichora kwa rula kama kitabu cha treni, na safu za kufika na kuondoka, kwa sababu hajui namna nyingine ya kuchora daftari. Kila nusu saa alikuwa akibonyeza kitufe cha pembeni, kioo kinaonyesha namba ya chaji, anaiandika pamoja na saa. Ukurasa ulikuwa umejaa hadi katikati na hakuna nafasi iliyoachwa. Papa hakuweza kuvumilia safu tupu. Tulipokuwa wadogo alikagua madaftari yetu ya shule, na mahali patupu palimuudhi kuliko jibu lenye kosa. Treni isiyoandikwa kuondoka, alisema, bado iko kituoni, na nyingine haiwezi kuingia.

"Mwalimu," mama wa chaji aliniambia huku akiuza mikate yake, "muzee wako iko nachunga ile telefone sawa mugonjwa."

Namba ilikuwa ishirini na nne. Nilipiga hesabu kichwani na sikupenda nilichokipata, lakini jua lilikuwa kali, nikaenda nyumbani kuoga.

Saa nane na nusu mbingu ilifunga kwa mawingu. Niliporudi pale mbio, taa ya mashine ya vioo ilikuwa imegeuka nyekundu na mama wa chaji alikuwa akichomoa simu za watu moja moja. Alisema leo haitashiba, hata tungeingoja mpaka usiku. Namba ya Papa ilikuwa thelathini na nane na ilikuwa imekaa hapohapo nusu saa nzima.

Nilimwambia kwamba kuiandaa simu mpya si kubonyeza kitufe kimoja. Kuna lugha ya kuchagua, kuna laini ya kuhamisha, kuna programu ya kupakua kwa mtandao huu wetu unaotambaa. Nilimwambia kwamba Bukama ameshavaa shati safi na ameketi mbele ya mjukuu wake. Nilimwambia mambo mengine pia ambayo binti hapaswi kumwambia baba yake barazani kwa watu. Nilikuwa nampenda sana saa ile na nilikuwa natamani kumtikisa mabega.

Papa alitazama daftari lake, kisha mbingu, kisha daftari tena. Huyu ni mtu ambaye, wakubwa wakimfokea kwenye simu, hakuachia hata treni moja kabla haijapewa njia. Akachukua kalamu. Nilisoma juu ya bega lake alivyokuwa akiandika kwa mwandiko wake wa ofisini: *15 h 05. 38. Kuondoka mbele ya saa. Sababu: Bukama.* Halafu akachomoa waya yeye mwenyewe, akauviringa vizuri, akasema, "Twende."

Tulipanda pikipiki moja, sisi wawili na dereva, yeye katikati na kisanduku kifuani. Nyumbani Mama alikuwa amepiga pasi shati jeupe na kutandika mezani kile kitambaa chake cha kufuma ambacho hutoka kwa ajili ya padri tu.

Simu iliwaka. Ilituuliza lugha na Papa akachagua Kifaransa, kwa kuwa masharti ya kazi, alisema, huandikwa kwa Kifaransa. Kila ilichouliza alikisoma kwa sauti, akakirudia, kisha akakubali. Ilipouliza jina, aliandika kwa kidole kimoja: Kamina. Tulipofika kwenye yale maandishi marefu ya mkataba alivaa miwani na kuanza mstari wa kwanza. Nilimwambia duniani hakuna aliyeyasoma. "Sasa banasaini nini?" akauliza kwa mshangao wa kweli. Nilikishika kidole chake nikakibonyeza penye neno la kukubali, na hilo sijaliungama hadi leo. Laini ikakubali. Programu ilipakuliwa kwa namna ya kutuua, inasogea, inasimama, inasogea, na Mama akiwa amesimama nyuma yetu akiuliza kama imefika, sawa na abiria.

Ilimalizika zikiwa zimebaki dakika tatu. Papa alifunga kifungo cha juu cha shati.

Saa kumi kamili ikaita. Nilimwonyesha pa kugusa, akagusa, na palepale akaipeleka simu sikioni.

"Bukama, huku Kamina."

"Papa, hapana," nikasema, "itazame, ni ya kuonana." Nikamvuta mkono. Kwenye kioo kizima kulikuwa na sikio. Sikio kubwa la mzee, lenye mvi ndani yake, na kwa mbali sauti ya mwanamke kijana ikimsihi babu yake, "Koko, shusha, shusha telefone!" Mama alilazimika kukaa chini kwa kucheka.

Hatimaye wote wawili wakashusha. Wakaonana.

Bukama alikuwa mtu mdogo. Sauti yake miaka yote ilikuwa ya mtu mnene mwenye kifua, na kumbe alikuwa mzee mwembamba wa shingo ndefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimtazama Papa, Papa akamtazama. Hakuna aliyesema kitu. Katika simu ya reli kimya kirefu namna ile maana yake ni njia imekatika. Kisha Papa akatabasamu lile tabasamu analowapa watu wa ofisi asiowajua, akasema, "Bonjour, Muzee." Mwenzake akajibu, "Bonjour, Muzee. Habari ya huko?" "Muzuri. Na huko?" "Muzuri tu." Kisha wakabaki wakiinamishiana vichwa kama wageni wawili waliokutana mlangoni kwa daktari.

Niliwaza pikipiki, daftari, lile shati, na miaka yote aliyoisubiri siku hii bila kusema. Nikajiona mjinga kwa kumletea.

Bukama ndiye aliyeanza. Sura yake ilisogea pembeni, likapita shavu, na sikio likarudi kwenye kioo.

"Kamina, huku Bukama," ilisema ile sauti nene. "Basi, nimekuona. Sasa tusemezane."

Papa naye akapeleka simu sikioni. Mabega yake yalishuka, akaegemea kiti, akanyoosha miguu. "Kamina anasikia," akasema, na baada ya hapo sikuweza kufuata, kwa sababu walikuwa wakicheka zaidi ya kusema. Walimsema mkuu fulani wa kituo aliyelala zamuni. Waliulizana migongo na wake. Mvua ilianza kupiga bati, Papa akapandisha sauti, hakujali. Nilipoinama kidogo niliweza kuona ukingo wa kioo, na mle ndani lile sikio lenye mvi lilikuwa likitikisika kwa kicheko. Mjukuu alikuwa ameshaacha kupiga kelele. Nadhani alielewa nilipoelewa mimi.

Walisema mpaka betri ikafa na njaa yake. Papa aliiweka simu juu ya kitambaa cha Mama, akabaki ameishika.

"Umemuona?" Mama akamwuliza.

"Nimemuona."

"Na iko namna gani?"

Papa alifikiri. "Iko mufupi," akasema. Kisha akacheka peke yake, akaenda kunawa.

Daftari lilikuwa limebaki mezani. Nililifungua nione kama kweli ameiandika ile sababu, na ilikuwepo. Chini yake alikuwa ameongeza mstari mmoja, sijui saa ngapi aliuandika, labda huku akisemezana. *Bukama. Kufika: 16 h 00.* Safu ya kuondoka ilikuwa tupu. Mimi ambaye kazi yangu ni kusahihisha madaftari ya watu, nililifunga na kulirudisha palepale nilipolikuta.