Siku Tulipoitia Bei Ofisi ya Wakili

Nakumbuka siku moja nikiwa nafunga vyombo vyangu pale Kibiti, sufuria ndogo ndani ya kubwa, talaka ya tatu ikiwa bado inanilia masikioni. Nilikuwa na haraka, mjukuu wangu, utadhani naenda harusini! Kwetu mwanamke akiachwa huondoka na vyombo alivyokuja navyo na kichwa juu. Vingine humwachia mume, ajue kwamba hakuolewa kwa njaa. Na mimi nilitaka Idrisa anione ninavyoondoka.

Huyo Idrisa, mume wangu, alikuwa wakili. Aliacha kazi ya serikali akaja Kibiti enzi za ruksa, wakati kila mtu anafungua kitu: huyu duka, yule mashine, wanunuzi wa kamba wa baharini wanamiminika kwenye delta ya mto, wa mbao wanaingia misituni. Penye biashara pana mikataba, na penye mikataba hapakosi ugomvi. Akakodi vyumba viwili kando ya barabara, akatundika kibao, na kwa muda mrefu kibao kile kilisomwa na kuku tu. Wazee wetu walimwogopa. Ana suti, anasema Kiswahili cha vitabuni, halafu ni mtu wa kuja. Nani atampelekea kesi ya mikorosho yake?

Basi nikatoka jikoni. Nikatandika mkeka kwenye kibaraza cha ofisi, nikaweka chai na vitumbua, na mtu akija kutoka Mtawanya au Ruaruke namsikiliza kwanza mimi, kwa Kindengereko kama ndicho kinachomtoka vizuri. Nikishakielewa kisa chake namwingiza ndani, namweleza Idrisa. Wakaanza kuja mmoja mmoja, kisha wakaja kwa malori. Wala hawakusema wanaenda kwa wakili. Walisema, "Twende kwa Bi Zena." Lo, nilivyoipenda kazi ile!

Yaliyotuachanisha nisikuchoshe nayo, siri ya mtungi aijuaye kata. Nirudi kwenye vyombo.

Nilikuwa nakaza kamba ya mwisho alipoingia Bi Mwanaidi, somo yangu, yule aliyenifunda nilipokuwa mwali akanipeleka kwa mume. Alisikia habari akiwa Ruaruke, akadandia lori la mpunga. Nikamwekea kigoda, hakukitazama.

"Nilikufunda kuingia," akasema. "Kutoka kakufunda nani?"

Nikamwambia sitaki kitu cha mtu.

"Ati unasusa?"

"Nasusa, somo."

"Haya, susa. Wasusa, wenzio wala. Kesho ataletwa mwingine akae juu ya mkeka wako, na weye uko shamba unaamia ndege."

Nikajitetea kwamba ofisi ni ya Idrisa, yeye ndiye aliyesoma, na mle ndani hamna kitu zaidi ya meza, taipureta na vitabu vyake. Bi Mwanaidi akanitazama kama aliyemfunda mtu mwingine kabisa.

"Barabara ikipita shambani mnazi wako ukakatwa, utadai kuni? Utadai nazi ulizokuwa uje kuzila! Sasa weye nambie, pale ofisini nazi ni zipi?"

Hapo nikaruka, sufuria ikaanguka ikabiringika mpaka uani. Siku chache kabla ya talaka alikuja wakili kijana kutoka Dar, anataka kuingia ubia na Idrisa. Alipoguna kwamba bei ni kubwa mno kwa vyumba viwili vya kukodi, Idrisa alicheka akamwambia, "Ndugu yangu, hununui meza. Unanunua watu wale waliojaa nje." Na anayewamiminia chai nilikuwa mimi! Nilisikia kwa masikio yangu nikaenda zangu kuosha vikombe.

Vyombo nikavifungua.

Nikaenda kudai fungu langu la ofisi. Baraza la kata likatusikiliza, likashindwa kutupatanisha, likatuandikia hati twende mahakamani. Siku ya kusikilizwa ukumbi ulijaa, maana kumshtaki mume wakili wengi waliona ni wazimu. Juu amekaa hakimu, kulia na kushoto kwake washauri wawili wazee. Idrisa akaapa kwa Msahafu, akasimama na suti yake.

"Mheshimiwa, ofisi ni meza, viti, taipureta na vitabu. Akitaka nusu ya meza nitamkatia. Kilichobaki kimo kichwani mwangu. Mtanipasua?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikasimama hivyo hivyo.

"Mheshimiwa, kichwa chake sikitaki, nimekaa nacho kimenitosha."

Ukumbi ukalipuka! Hakimu mwenyewe akainamia karatasi zake kuficha meno.

"Naomba aulizwe tu," nikaendelea, "alimwambia nini yule wakili wa Dar alipotaka kujua ananunua nini."

Hakimu akamuuliza. Shahidi sikuwa naye. Akikana, nimekwisha, narudi kwetu Ruaruke na masufuria yangu. Idrisa akanitazama, akautazama Msahafu. Na nimpe haki yake: alikuwa na mengi, lakini hakuwa mwongo.

"Nilimwambia ananunua watu waliojaa nje," akasema.

"Na watu hao aliwaleta nani?" hakimu akauliza.

Kabla Idrisa hajajibu, mshauri mmoja akadakia, "Mheshimiwa, hata mie kesi yangu ya mikorosho niliambiwa nenda kwa Bi Zena," hakimu akamwambia anyamaze, hakuja kutoa ushahidi.

Ikaamuliwa hivi: elimu na leseni ya Idrisa ni vyake, havigawanyiki. Lakini ofisi yenye watu wake ni mali tuliyochuma wawili, na thamani yake ni bei ile ile aliyomtajia mnunuzi. Nikapewa theluthi, anilipe kidogo kidogo. Nikapiga kigelegele mle mle mahakamani! Karani akanikemea, na somo yangu huko nyuma akapiga cha pili.

Nje Idrisa akanifuata. "Zena, ungeniambia tu nyumbani."

"Ningekwambia nini? Hata mimi nilikuwa sijui."

Na ndivyo ilivyokuwa. Theluthi ile ndiyo iliyonunua mashine yangu ya kukoboa mpunga, na mashine ndiyo iliyowasomesha mama zenu.

Sasa sikia, mwanangu. Kususa kunapendeza siku moja tu, ile unayotazamwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Biashara ya nyumba yenu ikikua, ijue bei yake mngali mnapendana, isemeni mkiwa mnakula, bila aibu. Usidai kichwa cha mwenzio, hicho kapewa na Mungu na waalimu wake. Dai ulichokijenga, na ukidai sema kweli tupu. Na wewe mjukuu wa kiume mwenye shahada ukutani, kabla hujasema yote ni yako, toka nje ukaulize wateja walioko kibarazani wamekuja kwa nani.

Mola akujaalie ndoa isiyofika kwa hakimu. Na ikifika, asikuache ukakaa kimya. Amin.