Kaseti ya Mama

Juzi binti yangu aliunganisha kompyuta ya kurekodia muziki sebuleni kwetu hapa Musoma, waya kila mahali. Aliimba, kisha akaimba tena juu ya sauti yake, na zote mbili zikasikika pamoja. Mimi nikatoka nje.

Utotoni, kule Nyegina, tulikuwa na redio ya baba na kaseti moja tu. Ndani yake mama, aliyekuwa ameshafariki, aliimba na wanakwaya wenzake. Betri hazikuwepo madukani, kwa hiyo tulianika zile kuukuu juu ya bati, pembeni ya dagaa, mpaka zikanuka samaki. Mchana mmoja, baba akiwa shamba, niliziba kitundu cha kaseti kwa karatasi ili ikubali kurekodi, kama nilivyomwona mjomba akifanya. Nikabonyeza kitufe chekundu, nikaimba. Nilidhani sauti yangu itaingia na kusimama karibu na ya mama, kama wanakwaya wanavyosimama.

Jioni baba aliwasha redio. Nilisikika peke yangu, na jogoo nyuma yangu. Mama hakuwepo. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Huu wimbo alikuwaga anakuimbia?" aliuliza.

"Tulikuwaga tunaimba wote, baba."

Hakunipiga. Alizitoa betri, akazishika mkononi muda mrefu.

"Mama, njoo uweke sauti ya pili!" binti yangu aliita kutoka sebuleni.

Niliingia. Kabla sijaanza kuimba, nilimuuliza mara tatu kama ya kwake haitafutika.